Herufi M, koti jeupe na kosa langu

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu si ugonjwa wala stima kupotea (ingawa hapa Section 58 stima nayo ina tabia zake). Nimekuwa nikizunguka kukusanya mahitaji ya programu mpya, na katika kuzunguka huko nimekumbuka jambo ambalo nimelibeba tangu mwaka 2018 bila kuliandika. Leo naliandika. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za simu mpya mnivumilie. Kompyuta zimo, tena nyingi, ila habari yenyewe ni ya akina mama wanaofunga maua ya waridi kule Naivasha na kwa nini wengi wao hawapandi cheo.

Nianze na shamba. Silitaji jina, na ukidhani umelijua utakuwa umekosea, maana kando ya ziwa yako mengi na yanafanana kama mapacha. Ukitoka mjini Naivasha ukashika barabara ya Moi South Lake, ukapita Karagita, utaona mahema ya plastiki mpaka macho yachoke. Ndani ya mahema hayo maua hukatwa, kisha hupelekwa pakihausi, yaani lile banda baridi ambamo mashina hupangwa kwa urefu na ubora, yakafungwa, yakawekwa kwenye ndoo, yakasubiri lori la kwenda uwanja wa ndege. Ukiingia pakihausi wiki mbili kabla ya tarehe 14 Februari utadhani ni harusi ya taifa zima. Na utaona jambo moja mara moja: mezani ni wanawake, na anayetembea kati ya meza akiwa na karatasi mkononi mara nyingi ni mwanamume. Mfungaji huvaa koti la kijani. Anayetembea huvaa jeupe.

Mwaka 2015 shamba hilo lilinipa kazi. Walitaka programu ya kuhesabu utendaji wa wafanyakazi na kutoa, kila mwezi Julai, orodha ya wanaostahili kupelekwa mafunzo ya usupavaiza.

Na hapa niwatendee haki. Walikuwa na sababu nzuri. Kabla ya hapo, aliyependekeza jina la kupandishwa cheo alikuwa supavaiza mwenyewe, nyapara kama wazee wanavyoita mpaka leo, na kalamu ile mkononi mwa mtu mmoja ilikuwa na bei yake. Mambo ya wasimamizi wa mashamba ya maua kudai mwili wa mwanamke kabla ya kumpa kazi nyepesi au mkataba mpya yameandikwa na watafiti na watetezi wa wafanyakazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya jambo hilo. Shamba hili lilikuwa na sera, imebandikwa ukutani karibu na saa. Lakini karatasi ya ukutani haizuii kalamu. Meneja wa uzalishaji akafikiri, na mimi nikaafiki, kwamba tukiiondoa kalamu tukaweka hesabu, mambo yatanyooka. Siku ya kuwaonyesha programu nilisimama mbele ya wakubwa nikasema kwa majivuno, "Kompyuta haijui mwanamke wala mwanamume." Walipiga makofi. Yashikeni maneno hayo, yatarudi.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Alama 100: kasi 40, ubora 30, mahudhurio 30. Juu ya hapo meneja aliweka sharti moja: ambaye mahudhurio yake kwa miaka miwili iliyopita yako chini ya asilimia 95, jina lake lisiingie kwenye orodha kabisa, hata awe na kasi ya umeme. Nilimwelewa. Waridi halisubiri. Supavaiza anayekosa kazi Jumatatu baada ya mshahara ni hasara.

Sasa mahudhurio yalitoka wapi? Karani wa rejista alikuwa na herufi zake. K ni kazini. L ni likizo. U ni ugonjwa wenye barua ya daktari. Nikaandika: siku yenye K ihesabiwe amefika, siku yenye L au U itolewe kwenye hesabu, isimsaidie wala isimuumize, na vinginevyo, yaani chochote kingine, ihesabiwe amekosa. (Ndiyo, vigeu vyangu huviandika kwa Kiswahili, na wenzangu hunicheka. Waache wacheke.) Tukaingiza rejista za karatasi za miaka miwili ya nyuma, programu ikazunguka, orodha ya kwanza ikatoka Julai 2015. Nikalipwa. Nikanunua pikipiki.

Agosti 2018 nilirudi pale kurekebisha kifaa cha kusoma kadi ambacho kilikuwa kimeingia maji. Saa ya chakula nikaketi nje na githeri yangu. Mama mmoja wa koti la kijani akaja akasimama mbele yangu, hakuketi.

"Wewe ndiye kijana wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo kompyuta yako inanijua?"

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Akaniambia yuko pale tangu 2009. Akaniambia wasichana aliowafundisha kushika kisu na vijana aliowaonyesha kupima shina sasa wanavaa jeupe. Orodha nne zimetoka, jina lake hakuna. Amemuuliza supavaiza, supavaiza amesema ni kompyuta. Amemuuliza karani, karani amesema ni kompyuta. "Sasa nimeona nikuulize wewe, maana yenyewe haina mdomo."

Nilimwomba namba yake ya kazi nikamwahidi nitaangalia. Nilipanda matatu kurudi Nakuru nikiwa na hakika kwamba nitakuta kasi yake ni ndogo.

Haikuwa ndogo. Kasi yake na ubora wake vingemweka karibu na juu kabisa ya orodha zote nne. Mahudhurio ndiyo yaliyomwangusha, na nilipofungua siku zake moja moja nikakuta mstari mrefu wa herufi ambayo sikuwa nimeiandikia chochote. M, M, M, M, kuanzia Septemba hadi Desemba 2014. Kisha tena mwanzoni mwa 2017. Mnajua M ni nini? Ni mama. Likizo ya uzazi. U ilikuwa imeshachukuliwa na ugonjwa, kwa hiyo karani akachagua M. Na programu yangu, isiyomjua mwanamke wala mwanamume, ilipokutana na M ikaitupa kwenye "vinginevyo". Amekosa kazi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Wiki ya shamba ni siku 6, miaka miwili ni wiki 104, kwa hiyo siku 624. Tuache sikukuu na likizo za mwaka kando. Likizo ya uzazi kisheria ni miezi 3, sawa na wiki 13, siku 78. Toa 78 kwenye 624, zinabaki 546. Gawanya: asilimia 87.5. Mwanamke ambaye hajakosa hata siku moja maishani, akijifungua mtoto mmoja tu, anaanguka chini ya 95 na anabaki huko karibu miaka miwili, mpaka zile M zianze kutoka nje ya dirisha la hesabu. Akijifungua wa pili kabla ya hapo, anaanza upya. Mama yule alikuwa na watoto wawili. Orodha nne.

Na wanaume? Sheria ile ile inampa baba wiki 2. Lakini pale shambani baba alijaza fomu ya likizo ya kawaida, karani akapiga L, na programu ikamvumilia. Mtoto ni yule yule. Baba yake amekwenda likizo, mama yake amekosa kazi.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kosa la programu. Makosa ya programu ndiyo kazi yangu, ningelalia kila kosa ningekuwa nimekufa. Kilichoniuma ni kukumbuka kwamba mtu aliniuliza. Mwaka 2015 tulikuwa na msichana wa atachi ofisini, mwanafunzi wa chuo, tukampa kazi ya kuingiza zile rejista za karatasi. Siku ya pili akanijia: "Samahani, hii M ni ya nini?" Nikamwambia aingize tu kama ilivyo, tutaiona baadaye. Baadaye haikuja. Na sikumwita kwenye mkutano wa mahitaji kwa sababu, nikiri, kwangu alikuwa wa kuchapa na kutengeneza chai ya saa nne. Mezani siku ile tulikuwa wanaume wanne: meneja, mhasibu, mkuu wa pakihausi na mimi. Tulizungumza mambo ya wizi wa saa, ulevi, malaria, misiba, hata mafuriko ya barabara. Hakuna aliyetaja kuzaa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Basi tu hakuna miongoni mwetu aliyewahi kurudi kazini akiwa na maziwa yanayovuja kwenye koti.

Msimamo wangu ni huu. Tunapozungumza habari ya vizuizi vya wanawake kazini huwa tunakimbilia moyo: wanaume wabadilike, jamii ibadilike, mila zibadilike. Sawa, zibadilike. Lakini vizuizi vingi haviko moyoni, viko kwenye kanuni. Viko kwenye fomu, kwenye ratiba, kwenye herufi ya karani. Mtu aliviandika akiwa na mfanyakazi fulani kichwani, na mfanyakazi huyo hazai. Moyo wa meneja siwezi kuufungua kwa kibodi. Kanuni naweza, tena kwa mstari mmoja.

Jambo hili si la kompyuta peke yake wala si la jana. Wangari Maathai, ambaye utotoni aliishi miaka kadhaa kwenye shamba la mzungu karibu na hapa Nakuru ambako baba yake alifanya kazi, alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Akakuta masharti ya utumishi yakidhani kwamba mwanamke aliyeolewa ana mume, na mume ana nyumba, kwa hiyo mafao kama ya nyumba hayamhusu. Msomi mwenzake wa kiume aliyeoa hakuulizwa kama mke wake ana nyumba. Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walipigana na masharti hayo miaka ile ya 1970, wakachekwa, wakaenda mpaka mahakamani kutafuta kuunda chama cha wafanyakazi, wakashindwa kesi, lakini mengi waliyodai yakaja kukubaliwa. Sisi waandika programu tunalo jina la kitu kile walichopigana nacho. Ni thamani ya awali, ile ambayo mashine hujijazia yenyewe mtumiaji asipoandika kitu. Chuo kilikuwa kimejijazia "ana mume".

Hata sheria ya nchi ilikuwa na M yake. Sheria ya Ajira ya zamani, ile Sura ya 226, ilimpa mwanamke miezi 2 ya uzazi, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Yaani kuzaa kulihesabiwa kama umekwenda kupumzika. Sheria ya 2007 ikafuta hilo, ikatoa miezi 3 yenye mshahara kamili, ikasema likizo ya mwaka haipotei, na ikasema anaporudi ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile au inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, katika kupandisha cheo pia. Maana yake programu yangu ya 2015 ilikuwa inavunja sheria ambayo tayari ilikuwa inatumika, na Katiba ya 2010 juu yake, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaisoma. Nilisoma mwongozo wa hifadhidata kurasa mia nne. Kifungu cha 29, ambacho ni kama ukurasa mmoja, sikukisoma.

Nilikwenda kwa wakubwa wa shamba na karatasi zangu. Mkuu wa pakihausi akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe: "Si ulituambia kompyuta haijui mwanamke wala mwanamume?" Nikanyamaza, maana ni kweli nilisema. Kisha akasema jambo linalostahili jibu: ukiziondoa siku hizo utakuwa umewapendelea, maana mwenzake aliyekuwepo miezi ile mitatu amefunga maua na yeye hakufunga.

Jibu langu lilikuwa swali. Lile sharti la asilimia 95 tuliliweka ili lipime nini? Yeye mwenyewe alisema mwaka 2015: uaminifu, mtu asiyetoroka kazi. Basi mtu aliyeondoka kwa ruhusa, kwa haki ya sheria, akasema atarudi tarehe fulani na akarudi tarehe hiyo, uaminifu wake umepungua wapi? Kipimo kinachosema kinapima uaminifu kumbe kinapima tumbo ni kipimo kibovu, hata kama hakuna haki ya mtu inayoguswa. Ningekuta mizani ya ndoo inapima na maji ningeirekebisha bila kuitisha mkutano. Hilo la mizani ndilo lililomwingia, maana mambo ya mizani anayajua.

Tukarekebisha. Mstari mmoja, herufi moja kuongezwa kando ya L na U. Dakika mbili. Na pale kwenye "vinginevyo" nikaondoa hukumu: sasa programu ikikutana na herufi isiyoijua inasimama na kuuliza, haimhukumu mtu. Wenzangu mnaoandika programu, hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Orodha ikatolewa upya. Mama yule jina lake likawemo, na ya wengine wa koti la kijani pia. Mkuu wa pakihausi akaniambia, akitabasamu kidogo, "Ngoja utaona, watakataa." Na kweli, baadhi walikataa. Nilishangaa mpaka nilipouliza mafunzo ni saa ngapi. Saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, wiki mbili. Basi la shamba la kurudi Karagita huondoka saa kumi na moja kamili. Kwa hiyo mwanamke alitakiwa achague: mafunzo, halafu atembee gizani au alipe pikipiki kila siku kutoka kwenye ule ule mshahara wa koti la kijani, na mtoto amebaki kwa jirani, au apande basi. Walipanda basi, na ofisini ikaandikwa kwamba wanawake hawapendi madaraka.

Hapo kompyuta haikuwa na la kufanya. Kamati ya jinsia ya pale shambani na mwakilishi wa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, ndio waliobeba hoja, na baada ya majadiliano mafunzo yakahamishiwa saa nane mchana, ndani ya zamu. Gharama kwa shamba: saa mbili za mfungaji kwa siku kumi na mbili. Walilalamika kana kwamba wameombwa ziwa. Kuhusu chumba cha kukamulia maziwa, ambacho Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri wakiweke, walionyesha stoo ya ndoo na kusema itasafishwa. Mara ya mwisho nilipopita bado ilikuwa na ndoo.

Kuna watakaosema kwamba wanawake wanafika juu siku hizi, tazama. Ni kweli. Pale pale Naivasha, kwenye mvuke wa Olkaria, kampuni ya KenGen ilipata mwanamke wa kwanza kuiongoza mwaka 2017, Rebecca Miano, aliyekuwa mwanasheria na katibu wa kampuni. Kaunti yetu ya Nakuru ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana mwaka 2022. Nawapigia makofi. Lakini mama wa pakihausi hapandi kwa ngazi hiyo. Ngazi yake ina kidato kimoja tu, kutoka kijani kwenda jeupe, na ndicho tulichokuwa tumekiondoa bila kujua.

Nami nazidi kuogopa kwa sababu ya mambo yanayouzwa sasa. Wiki ile ile ya Oktoba 2018 nilipokuwa nikimalizia marekebisho, shirika la habari la Reuters lilitoa habari kwamba Amazon walikuwa wametengeneza mashine ya kuchambua maombi ya kazi, wakaifundisha kwa maombi waliyopokea miaka kumi nyuma, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Mashine ikajifunza kushusha alama za karatasi zenye neno la kike ndani yake, mfano klabu ya wanawake. Wakaiacha. Amazon, na wahandisi wote walio nao! Sasa kila mwezi napigiwa simu na mtu anayetaka kuniuzia akili bandia ya kuchagua viongozi kazini: "Tupe tu data ya masupavaiza wenu wa miaka kumi, itajifunza yenyewe." Itajifunza nini? Itajifunza kwamba koti jeupe ni la mwanamume. Kosa langu lilikuwa mstari mmoja, likaonekana kwa jicho usiku mmoja. La hizi mpya litakuwa limesambaa ndani ya namba milioni, na mama akija kuuliza "inanijua?" hakutakuwa hata na mtu wa kukaa na githeri yake ajibu.

Nirudi kwenye ofisi zetu wenyewe, tusijifanye tunatengeneza nyumba za wengine tu. Uingereza mwaka 1962 mama mmoja, Stephanie Shirley, alianzisha kampuni ya programu akiajiri hasa wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya kuolewa au kuzaa. Waliandika programu nyumbani, kwa penseli. Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia sahihi "Steve". Kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na miongoni mwa kazi walizofanya ni programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Alichofanya ni kuondoa sharti moja, kwamba kazi lazima ifanyike ofisini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sisi, miaka sitini baadaye, tukiwa na intaneti mpaka Subukia, bado tunaita mkutano wa dharura saa kumi na mbili jioni tukishangaa kwa nini yule dada mwenye mtoto hajatulia kwenye kiti.

Yule msichana wa atachi yuko Nairobi sasa, anaandika programu za mishahara. Nilimpigia simu nikamweleza habari ya M. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua ilikuwa kitu." Nilimwomba radhi. Akasema haidhuru, lakini nilisikia kwamba inadhuru.

Na mama? Alimaliza mafunzo, akapewa koti jeupe mapema 2019. Nilipofika tena alinipita kati ya meza akiwa na karatasi mkononi, akasimama, akanisalimu vizuri. Kisha akauliza: "Na ile miaka minne?" Tofauti ya mshahara wa kijani na jeupe kwa miezi arobaini na kitu, kwake na kwa wengine waliokuwa kwenye "vinginevyo" pamoja naye. Nilipeleka swali ofisini kwa maandishi, nikaambatisha hesabu ya kila mmoja kwa namba za kazi. Nikajibiwa kwa mdomo kwamba programu wakati huo ilifanya kazi jinsi ilivyoandikwa. Nakala ya barua ninayo hadi leo.

Jumatano ijayo naenda Njoro, kwenye ushirika mmoja wa maziwa unaotaka programu ya kupanga zamu na vyeo. Niliwaandikia kwamba sianzi mkutano wa mahitaji mpaka mezani wawepo wanawake wawili kutoka kwenye mapokezi ya maziwa, wale wenye gumbuti, si wa ofisini. Jana wamejibu. Wamesema hakuna shida, mwenyekiti, mhasibu na mkuu wa usafirishaji watakuwepo, na sekretari atakuja kuandika kumbukumbu. Nimewarudishia barua.